Kidole cha Baba Neema

Jumanne, Kizwite

Usingizi hauji, basi. Mume wangu, Baba Neema, alinyeshewa akitoka Muze na mchele, akashikwa na nimonia, sasa yuko wodi ya mahututi. Amebanwa kidoleni kile kidude kinachosoma hewa kwenye damu.

Mwanangu Neema ndiye nesi wa zamu, na Sumbawanga nzima hakuna wa kumfikia. Alinieleza vizuri: "Mama, namba kwenye mashine ikipanda, Baba atapona. Ikizidi kushuka..."

Leo alipotoka nikakihamishia kwenye kidole changu, nione na mimi nikoje. Tisini na nane! Neema akaingia.

"Jamani, Baba amepanda!"

Kisha akaona mkono wangu.

Hakunigombeza. Alikirudisha kwa baba yake, akageuza mashine nisione namba. Nami, na mdomo wangu wote huu, sikuuliza.