Jawabu ya Posa ya Mwenye King'ora

Matrah, Maskati
1969

Dada yangu Zuwena,

Assalamu alaykum wa rahmatullah. Mie mzima, baba Khalfan mzima, watoto wazima ila vipele vya joto vinawala shingoni usiku na mchana. Kabla ya yote nipe habari ya goti lako. Yale mafuta ya habbasoda uliyopewa na yule mama wa Kibokoni yamesaidia, au umeyaweka kabatini kama kawaida yako? Na mama je? Bado anaamka alfajiri akidhani yuko kwetu Malindi ya Unguja, anauliza mlango wa uani kaufunga nani? Mbusu mikono yake kwa niaba yangu, na umwambie mlango umefungwa.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mtu wa melini. Unanambia Nassor kamposa mwanao Thureya, na mnangoja neno langu kwa kuwa mie niko huku na namuona kwa macho yangu. Unanambia pia, na hapo ndipo paliponiuma, kuwa kaahidi akioa atawatolea ruhusa nyote muingie Oman: wewe, mama, na Thureya mwenyewe. Dada, chumba mnachokaa hapo Mombasa nnakijua. Nimelala humo miezi, na dirisha lake moja nnajua linatazama wapi na linanuka nini. Kwa hivyo usije ukadhani najibu kama mtu aliyeshiba anayemjibu mwenye njaa. Nimepima, nikapima tena. Jawabu yangu ni la. Sasa kaa kitako nikupe sababu, maana ni ndefu, na nyongo imenipanda.

Naanza na picha. Hiyo mliyoletewa, kavaa kofia ya chuma, mguu mmoja kauweka juu ya bampa la gari, taa nyekundu juu ya paa, na nyuma yake moshi. Unasema ushujaa umemjaa usoni na Thureya kaiweka chini ya mto. Basi moshi ule, dada, ni wa nyumba ya Bi Shamsa.

Bi Shamsa humjui. Ni mjane wa kwetu, wa Unguja, alikuja huku mwaka ule ule wa mavurugo pamoja na sisi. Hana mtoto. Alikuwa akikaa kibandani, nyumba za barasti zilizoko nyuma ya soko, kuta za makuti ya mtende na paa la makuti ya mtende. Alikuwa akishona kofia, na kofia zake watu wazima wenye heshima zao walikuwa wakizingoja kwa zamu. Kila Ijumaa akija kwangu tunakunywa kahawa na kuwasema watu. Ndiye dada niliyempata huku badala yako.

Sasa hiyo taa na king'ora. Kampuni ya mafuta anayofanya kazi baba Khalfan, yeye ni mtunza stoo, imeunda kikundi cha watu wa kujitolea kuzima moto. Hawalipwi. Kila mmoja kapewa kofia ya chuma na glavu. Wenye gari zao wenyewe, nao wa kuhesabika maana gari hapa hununui mpaka upate ruhusa, wamepewa taa nyekundu ya kuzunguka na king'ora, ili ukitokea moto watu wawapishe njia. Nassor ni karani huko huko kwenye kambi ya kampuni, na ana pikapu kuukuu kainunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kwa kuwa anakaa Matrah na kambi iko mbali, akapewa na pampu ya mkono na mpira wa maji vikae garini mwake daima. Baba Khalfan naye yumo kikundini, lakini yeye ana miguu tu.

Walipopewa waliambiwa mbele ya wote: hivi ni vya moto, si vya jengine. Haukupita muda, bwana mkubwa kaenda msikitini Ijumaa na king'ora, ili wenye punda wampishe. Mara kaenda sokoni na king'ora kuwahi nguru kabla hajakatwa akaisha. Mara king'ora kinalia njiani, watu wanaruka mitaroni na mizigo kichwani, kumbe anapeleka barafu kwa rafiki yake. Baba Khalfan alimsema, akacheka, akajibu kuwa chombo kisipotumika hushika kutu. Nikasema moyoni, ujana, utapita.

Haukupita, dada, ukapanda cheo, ukaingia harusini. Unajua ngoma na nyimbo barabarani hapa hazina ruhusa. Watu wanaoza kimya kimya utasema wanazika. King'ora je? King'ora kina ruhusa, kwa ajili ya moto. Nani aliyeliona hilo? Nassor. Mwana wa mfanyabiashara mmoja wa nguo alipooa, Nassor akampakia bwana harusi, akawasha taa, akafungulia king'ora kutoka mwanzo wa mji mpaka mlangoni kwa bibi harusi. Wanawake wakatoka milangoni wamepigwa na furaha, maana miaka mingapi hatujasikia kelele ya harusi njiani. Toka siku hiyo harusi bila Nassor si harusi. Na sisi watu wa Unguja ndio tuliozidi, kwa ile kiu yetu ya ngoma.

Tena tukatia na ada zetu. Si unakijua kifungua mlango, bwana harusi haingii mpaka atoe? Huku tukakipeleka njiani. King'ora kikilia, wanawake wanatoka na mirashi ya marashi na vyetezo vya ubani, wawili wanashika kanga moja huku na huku wanaifunga njia, gari haipiti mpaka itolewe halua. Wenyeji walitucheka mwanzo, kisha nao wakaingia. Khalas. Ikawa Matrah nzima, mkubwa kwa mdogo, king'ora maana yake harusi.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya alasiri, upepo wa joto unavuma kutoka majabalini, ule unaokausha mate mdomoni. Mie nilikuwa darini naanua nguo. Nikaona moshi mweusi upande wa kule kwenye barasti. Barasti ikishika, dada, haikupi nafasi ya kutoa shahada. Baba Khalfan alikuwa amelala kidogo, nikamwita, akatoka na ndoo mbio, na wanaume wa mtaani nyuma yake. Akampitia Nassor kwake, akamwambia moto, lete pampu, mie natangulia. Nassor akavaa kofia, akawasha taa, akafungulia king'ora. Mpaka hapo kafanya sawa.

Mie nimejitupia buibui langu nakimbilia kwa Bi Shamsa. Nafika njia ya sokoni, naona nini? Njia imefungwa. Kanga zimeshikwa, vigelegele vinapaa, watoto wanapiga makofi, ubani unafuka. Wanamngoja bwana harusi. Na pikapu ya Nassor imesimama katikati, taa inazunguka, king'ora kinalia masikio yanaziba. Nilipiga kelele "Moto! Moto!" mpaka koo likakwaruza. Nani atanisikia? Mama mmoja karibu yangu alinipigia kigelegele usoni, akidhani namuunga mkono.

Nikajipenyeza mpaka dirishani kwa Nassor, nikagonga. Nikamuashiria kwa mikono kuwa azime hicho kitu, awaambie watu kuna moto. Akateremsha kioo kidogo, akainama kunijibu sikioni. Nitakwambia maneno yake kama alivyoyasema, maana sijayasahau hata herufi.

"Nikizima, mama, nani atajua kama mie ni mtu wa zimamoto?"

Wallahi ndivyo alivyosema. Na wakati anasema, binti mmoja akaingiza mrashi kwenye upenyo wa dirisha akamnyunyizia. Nassor hakukwepa. Aliinamisha kichwa, akatabasamu, akajipangusa marashi mashavuni kwa viganja viwili. Dada, mie nimezaa, nimeosha maiti, nimevuka bahari na watu wanaotapikiana. Sijapata kuona kitu kikanitia kinyaa kama uso ule.

Nikaiacha gari na bwana wake, nikanyang'anya kanga ya kwanza, nikanyang'anya ya pili, nikawasukuma wanawake wenzangu kwa mabega mpaka waliokuwa mbele wakageuka wakauona moshi wenyewe. Hapo vigelegele vikageuka mayowe. Njia ilipofunguka na pampu ikafika, ilifika kwenye majivu. Baba Khalfan na wenzake walikuwa wamebomoa vibanda viwili vya jirani kwa mikono ili moto usihame, na ndiyo kazi iliyouokoa mtaa.

Bi Shamsa alikuwa nje, yu hai, alhamdulillahi. Aliporudi ndani kuvuta godoro na sanduku lake, paa lilimwangukia mikononi. Mkono wa kulia vidole vimeungua mpaka ukaona rangi usiyotaka kuiona. Hospitali wamevifunga, na mganga kamwambia vitapona lakini havitakunjika. Vidole vya sindano, dada. Hakuuliza habari ya nyumba. Aliuliza nani atamalizia kofia za watu.

Na sisi tunamwagia maji mkono wake, Nassor kakunja mguu juu ya bampa, Mzungu mmoja wa kampuni anampiga picha. Ndiyo hiyo mliyonayo.

Bi Shamsa sasa yuko kwangu. Nilipompa habari ya posa alinisihi. Kasema yaliyoandikwa yameandikwa, na kibanda chake kisiwe sababu ya nyinyi kukosa ruhusa mkaendelea kuteseka huko. Mtu wa watu. Baba Khalfan naye anasema kijana si mbaya, ana ushamba wa gari tu, na kwa hapa nani mwengine atakayewatolea karatasi? Kanambia, Salama, hasira yako itawalaza wenzio miaka mingapi zaidi katika chumba kile? Lakini nikamfikiria Thureya kitandani kashikwa na uchungu, damu zinamtoka, na mumewe yuko njiani anajitazama kwenye kioo cha gari. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikaona bora mkae hapo mlipo na mtoto wenu.

Jana alasiri kaja mwenyewe kutaka jawabu. Kavaa kanzu ya kupigwa pasi, kanukia udi, kakaa barazani na baba Khalfan. Mie nikazungumza naye nyuma ya pazia. Nikamwambia kwa adabu kuwa mtoto hatumwozi. Akauliza kwa nini, nikamwambia.

"Kwani moto nimeutia mie?" akasema.

"Hukuutia, baba. Wewe ulikuwa unarushiwa marashi."

Akasema, basi habari ya ruhusa ya watu wa Mombasa tusimtegemee. Nikamwambia tumemuelewa. Baba Khalfan alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nassor akainuka, akaingia garini, na kwa kunikomoa, au kwa mazowea tu, sijui, akafungulia king'ora chini ya dirisha langu, akaondoka nacho mtaa mzima.

Basi majirani si wakajua mambo yameiva? Dakika ile ile wamejaa mlangoni, mashallah mabruk, mrashi huu, mrashi ule, wananikumbatia, wanauliza harusi lini na bibi harusi anakuja kwa meli gani. Nimesimama naona haya na hasira, namrudisha huyu, namrudisha yule, nawaambia hakuna harusi. Wanacheka, wanadhani naficha.

Nikasikia kitu kinaburutwa ndani. Nikaingia. Bi Shamsa kainuka kitandani, kalikamata godoro la wanangu kwa ile mikono yake yenye mabendeji, analivuta kuelekea mlango wa uani, macho yamemtoka, na damu ishapenya kitambaa. Anawaita watoto kwa majina yao watoke nje. Nimemshika kiuno, nimemwambia, Shamsa, hakuna moto. Hakunisikia. Wenzetu nje wanapiga vigelegele, na yeye anavuta.

Wasalimie wote: mama yetu, ami yetu wa Lamu akija kwenu Ijumaa, somo yangu aliyenifunda, kama bado yuko Mombasa, na yule jirani wa ng'ambo ya njia aliyenipa mto wa safari. Baba Khalfan anakusalimu, na kaniapia kuwa atakwenda mwenyewe kwa Wali, mkuu wa mji, kuombea ruhusa yenu. Simuahidii kwa niaba yake, nakupa kama alivyosema. Bi Shamsa anakusalimu sana, na mie ndiye nnayemlisha kwa mkono.

Barua hii usimsomee Thureya. Mpe aisome mwenyewe, akae nayo, na akilia mwache alie. Nikikukosea nisamehe, lakini jawabu siibadilishi.

Ni mie mdogo wako,
Salama