Tundu la Tatu

Tarehe 9 Machi

Macho yangu,

Hujambo? Kifua kimeachia, au bado wanakuweka karibu na mashine za mvuke za kufulia? Mimi mzima. Goti tu linasumbua, halina adabu.

Mwanasheria wetu ameshinda. Najua umeshasikia huko uliko, lakini niache nikuambie mimi. Mtu asiyeona kama mimi, mwenye fimbo kama yangu, ndiye rais. Vijana wa mtaa wamepiga masufuria kutwa nzima. Yule muuza vocha, ambaye siku zote huzungumza na mtu niliyeongozana naye kana kwamba mimi ni mzigo wake, leo amenisalimia mwenyewe.

Na sikiliza hili. Safari hii nimepiga kura peke yangu. Wametoa kadibodi yenye matundu, unaingiza karatasi ndani, unapapasa nukta nundu kama hizi ninazokuandikia, unaweka alama. Lake ni tundu la tatu. Msimamizi akauliza nani ataniwekea. Nikamwambia hakuna, nina vidole. Miaka mitano iliyopita ulikuwa wewe mkono wangu, na nakushukuru. Lakini raha ya kufanya mwenyewe ni nyingine, mwanangu.

Mama yako

*

Tarehe 2 Aprili

Mama, shikamoo.

Kifua kimepoa, wamenihamishia kwenye kukunja mashuka. Goti lipake dawa, usilitukane tu.

Barua yako nimeipapasa mpaka nukta zimeanza kulala, nami nakujibu kwa nukta vilevile. Siku ya matokeo wasichana wote wa chumba cha kukaushia walicheza. Nami nikacheza, kisha nikajificha nyuma ya mashine nikalia.

Mama, uchaguzi ule uliopita sikumwekea mwanasheria. Ulinitajia jina lake, nami nikaweka alama kwa mwingine. Kila mtu alisema mwanasheria haambulii kitu, na yule mwingine alituahidi vijana kazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikaona kura yangu moja haitoshi, bora ziwe mbili. Uliponiuliza, "Umeweka?" nikajibu, "Nimeweka, mama." Ukanishika mkono njia nzima unacheka. Aliposhindwa ukasema, "Potelea mbali, yangu imo." Maneno hayo nayasikia mpaka leo. Nisamehe.

Mwanao

*

Tarehe 20 Agosti

Mwanangu,

Salamu zako zilifika. Mimi mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliogopa kuliandika hili.

Kura nimeililia, nimenyamaza. Kinachoninyima raha ni kingine. Tangu ulipojua kusoma, kila karatasi iliyoingia nyumba hii umenisomea wewe: bili za maji, vyeti vya hospitali, maandishi ya chupa za dawa. Sasa nazipitia moja moja kichwani, najiuliza kama zilisema ulivyosema. Hata tarehe yangu ya kuzaliwa siiamini tena.

Ipo moja hasa. Baba yako alipotuacha, akaenda kuugulia kwa yule mwanamke mwingine, alituma barua moja kabla hajafa. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulinisomea kwamba anaomba radhi, kwamba kila siku anawaza nyumbani, kwamba hakuna aliyewahi kumchekesha kama mimi. Nimeishi na maneno hayo. Niambie, ndivyo alivyoandika?

Mama yako

*

Tarehe 11 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Miezi minne sijapata barua. Karani wa posta nimemuuliza mpaka amenichoka. Mjomba wako anasema mmeongea kwa simu, u mzima, unakula. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Juzi niliitoa barua ya baba yako kwenye kopo la biskuti nikampa jirani, yule mwalimu. Akaikunjua. "Mbona mistari minne tu," akasema. Nikamsikia anavuta pumzi aanze kusoma, nikamwambia airudishe. Wewe ulinisomea mpaka chai ikapoa.

Mtoto wa miaka kumi na miwili, umesimama mlangoni na viatu vya shule, unamtungia mama yako mume mwema. Nimelia sana, na si kwa ajili ya baba yako. Hiyo nimekusamehe, wala usiniambie yeye aliandika nini. Ile ya kura bado inauma, sitakudanganya.

Wiki iliyopita kadi ya kliniki imekuja kwa nukta. Ni agizo la rais mpya. Nilikaa kitandani nikaisoma kwa kidole kimoja, polepole, mpaka mwisho. Laiti karatasi zingekuja hivi tangu zamani, nisingekutwisha kazi ile ukiwa mdogo. Ndiyo maana sikuiti tena Macho yangu. Si hasira. Nimekupumzisha.

Uchaguzi ujao uje nyumbani. Unishike mkono mpaka mlangoni kama zamani. Ndani nitaingia mwenyewe.

Mama yako