Jogoo wa Saumu

Jumatatu, 10 Novemba

Zamu yangu ya maji. Ndoo sita kutoka bombani hadi chumbani, upepo unanijaza vumbi machoni. Happy amejifunika shuka, anajifanya mgonjwa. Kesho atabeba yeye, apende asipende.

Huyu mgeni wetu Saumu, wa mwaka wa kwanza, kutoka Mgori. Wiki ya tatu sasa na sijasikia sauti yake zaidi ya "shikamoo dada". Shikamoo! Namzidi miaka miwili tu. Nimemwambia aache. Bado ananiamkia.

Anakula amegeukia ukuta, kibakuli chake mapajani. Inaniudhi. Hapana, niseme ukweli, inaniuma.

Jumanne, 11 Novemba

Jikoni leo. Majiko manne ya mkaa, sufuria nne, wasichana wanne wa chumba kimoja, kila mmoja anakoroga cha kwake. Ukutani ile karatasi: KILA MTU NA SUFURIA YAKE. Mwandiko wangu. Niliibandika mwaka jana, mimi kiongozi wa bweni, baada ya Zai na Happy kugombana kwa sababu ya mchele. Ugomvi uliisha kweli. Na maneno yakaisha. Hata Zai, mtoto wa mjini anayeongea kama redio, akifika jikoni ananyamaza.

Alhamisi, 13 Novemba

Simu ya Saumu ni mbovu, bila spika haisikiki. Kwa hiyo sote tumemsikia baba yake.

"Wasalimie hao dada zako unaokula nao."

"Wamekusikia, baba."

Unaokula nao! Hatujawahi kula naye hata siku moja. Mzee akaendelea: kesho anatuma jogoo kwa gari, tule wote, ni shukrani yake kwa kumtunzia mtoto. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye Saumu akaniambia, bila kunitazama, kwamba Jumapili gari likirudi Mgori anaondoka nalo. Harudi tena. Baba hajui. Kwao wanakula watu saba sinia moja. Hapa chakula hakishuki.

Nikamwambia achomekee vizuri chandarua chake. Mjinga mimi.

Ijumaa, 14 Novemba

Jogoo kafika. Mwekundu, mkubwa, ana maringo kama bwana harusi. Tumemfunga kwenye nguzo ya jiko. Saumu kampa pumba, kamsemesha Kinyaturu kidogo. Ndiyo mara ya kwanza namwona anatabasamu.

Zai kaenda kwao mjini, kesho mchana atarudi. Mimi nimebandua ile karatasi na kuichoma. Mpango wangu: kesho ugali na jogoo, wote wanne, chombo kimoja. Akila nasi mara moja atabaki. Lazima abaki.

Jumamosi, 15 Novemba, asubuhi

Kazi imekwisha mapema. Saumu yuko maktaba. Happy kashika miguu, mimi nimechinja, tumenyonyoa, yuko motoni. Harufu inafika hadi getini. Saumu akirudi atashangaa mwenyewe. Leo najipenda.

Jumamosi, jioni

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Zai aliingia jikoni wa kwanza, akafunua sufuria, akacheka kwa furaha. Kisha akauliza, "Nani kachinja?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Elina! Wewe? Mimi na Saumu tutakulaje sasa?"

Kwetu Nduguti baba hachinji kuku wa wageni hata siku moja. Anaitwa Mzee Juma jirani, Mwislamu, achinje yeye ili kila mtu ale. Na anayetumwa kumwita ni nani? Mimi! Tangu sijaota meno ya pili. Nimelijua hili maisha yangu yote, na leo haraka yangu imelifuta kichwani.

Saumu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakukasirika. Bora angenitukana. "Kuleni tu, dada. Msijali." Akaingia chumbani. Nikasikia zipu ya begi.

Hakuna aliyeonja. Sufuria nzima nimempelekea mlinzi, mzee wa kanisani kwetu. Kaniuliza mara mbili kama nina akili timamu. Nimelia nyuma ya tangi la maji. Happy naye kalia, ila Happy hulia hata kitunguu kikiwa mbali.

Jumapili, 16 Novemba

Gari la Mgori huondoka saa tano. Saa moja nilikuwa nimekaa kitandani kwa Saumu. Nikamwambia yote. Samahani ya jogoo. Samahani ya karatasi, mimi ndiye niliyeiandika. Na sitaki uondoke, nikasema, nitaumia. Akasema amesikia. Akaendelea kukunja kanga.

Zai hakubembeleza mtu. Kachukua fungu la mlenda mkavu ambao Saumu alikuwa ametuachia dirishani, kachukua sufuria yake mwenyewe, siyo ile yangu ya jana, huyo jikoni. Mara harufu ya mafuta. Kitunguu. Nyanya. Mungu wangu, anaukaanga mlenda!

Saumu akainua pua. Akakunja kanga nyingine. Akainua pua tena. Akasimama.

"Dada Zai! Hiyo siyo kabeji!"

Ilikuwa sauti kubwa kweli! Kumbe anayo! Kampokonya mwiko, kamwaga yale mafuta, kaosha sufuria, kaanza upya. Akauliza magadi yako wapi. Happy kateka maji, mimi nikasonga ugali, Zai kafukuzwa hadi kwenye ngazi, na huko anacheka peke yake. Ugali wangu ukaambiwa hauna nguvu. Mtoto wa mwaka wa kwanza ananiambia mimi! Nilifurahi nusura nimkumbatie na mwiko wake.

Sinia hatuna. Happy katoa beseni lake jipya, bado lina lebo. Tukalizunguka chini sakafuni, mikono minne, mlenda unavutika hadi kwenye viwiko. Hakuna aliyegeukia ukuta. Zai alipiga domo mfululizo na hakuna aliyemnyamazisha.

Saa tano ikapita. Saumu aliiona kwenye simu ya Zai, nilimwona akiitazama. Kisha akauliza nani anaosha beseni.

Mimi, nani mwingine.

Jumatano, 19 Novemba

Kondakta wa gari la Mgori kaleta tenga. Ndani yake kuna mtetea wa madoadoa, hana hata unyoya mmoja uliovunjika. Saumu kampigia baba yake jana akamwambia ukweli wote, tangu mwanzo. Mzee kacheka mpaka mama ikabidi aichukue simu.

Ujumbe uliokuja na kuku: "Huyu ni wa Elina. Asimchinje."

Zai ameshautangaza bweni zima. Hata matroni kaniuliza kisu changu kinaendeleaje.

Ijumaa, 21 Novemba

Siku ya kawaida. Vipindi viwili, zamu ya maji ya Zai, manyunyu kidogo mchana. Matroni anajua tuna kuku chumbani. Anajifanya hajui.

Mtetea alikuwa amepotea tangu asubuhi. Tumemtafuta jikoni, kwenye tangi, bafuni. Saumu ndiye aliyemwona. Yuko chini ya kitanda chake, ndani ya lile begi la safari, zipu wazi, halina kitu tena ila kanga moja kuukuu. Katulia humo kama mwenye nyumba.

Katuachia yai moja. Bado lilikuwa na joto. Saumu kaliweka kiganjani mwangu, akasema, "Hili hata wewe unaweza kuliandaa, dada, halichinjwi."

Tumelikaanga. Yai moja, watu wanne, beseni la Happy. Kila mmoja kapata kidogo.