Yaya Ilunga Hanijue Tena

Kamina, siku ya mungu, mwezi wa tano 1952

Hanijue tena. Leo asubuyi nilifika ku hospitali, nikamusalimia kama kaka mukubwa: «Yaya Ilunga, ni minyi, Kasongo.» Aliniangalia kama mugeni, akauliza bibi yake: «Huyu ni nani?»

Nilikuwa na miaka kumi wakati alinikuta nyuma ya stasion nikipigana na batoto ba kambi ya reli. Hakunikemea. Alifunga mikono yangu na bitambaa, akanionyesha namna ya kusimama. Kila jioni, kisha kazi yake, alinifundisha bokse. Nikashinda ku Kabongo, nikashinda ku Kaniama, nikashinda mpaka Elisabethville. Kisha patron wa bokse akasema: kwa mukaba ya championi, utapigana na Ilunga.

Nilikataa. Yaya mwenyewe njo alikuja kwetu kunikaripia. «Unaniona muzee? Ukinipiga polepole, utanipatisha haya mbele ya bantu.»

Basi sikupiga polepole. Jana, mu raundi ya sita, mikono yake ilishuka, hakukuwa tena na nguvu ya kuiinua. Niliona. Arbitri pia aliona, hakusimamisha mapigano. Nikapiga mara tatu ku kichwa, akaanguka.

Bantu balinibeba mabegani. Minyi nilikuwa nacheka.

Bibi yake hakunitukana. Alinipa kiti karibu na kitanda, akaniomba nimulishe yaya uji. Nilimulisha mpaka sahani ikaisha.

«Aksanti, bwana,» yaya akaniambia, na heshima yote.