Mama, Nimegeuza Kitambaa Chako

Mama yangu uliyetangulia,

Nimekigeuza kitambaa cha Krismasi. Ndiyo, nimekigeuza. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyethubutu kugeuza kazi yako, na mimi niliyekaa nawe kwenye kile chumba cha mbele hapa Shanwe, Mpanda, tukidarizi mashuka na vitambaa vya makochi tangu sijaolewa, ndiyo kabisa sikuthubutu. Wewe ndiye uliyekuwa unageuza za wengine. Binti akileta kazi yake, maua hukuyatazama hata kidogo. Unakipindua kitambaa, unautazama mgongo wake, halafu unasema, "Mbele panadanganya. Nataka kuona nyuma." Sasa na mimi nimeona nyuma yako, mama, na tangu siku hiyo niko kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji ya baridi. Haki ya Mungu, mpaka leo bado siamini.

Kitambaa chenyewe unakijua kuliko mimi. Cheupe, kikubwa cha kufunika meza zote mbili zikiunganishwa, na kila Krismasi unaongeza ua moja tu, unalificha katikati ya wenzake. Tukishatoka misa, pilau imeshaiva, Mama mdogo Leonia ameshafika na mchele wake wa Mpimbwe na umbea wake, wewe unakitandika na kusema, "Haya, tafuteni." Basi watu wazima na ndevu zao wanainama mezani wakisukumana, maana atakayeliona ua jipya kwanza ndiye anakula firigisi. Deus mwaka mmoja alipanda mezani na viatu, ukampiga mwiko wa mgongo, na firigisi akaipata. Nilikuwa naisubiri siku hiyo kuliko nguo mpya.

Halafu mdogo wangu huyo huyo Deus akamleta Kabula, binti wa wale Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe zao. Wewe ulipiga vigelegele. Mimi nilinuna, na sababu zangu zilikuwa za kipuuzi, leo nazitaja: sauti yake ilikuwa ya chini mno, nikigomba anatabasamu, na kila kitu alishika kwa mkono wa kushoto. Kisu, mwiko, fagio, vyote kushoto. Alipoomba nimfundishe kudarizi nilimpa fremu kidogo tu, nikamnyang'anya. "Wifi, mkono huo utaniharibia vitambaa," nikamwambia. Nikaanza kumwita Mashoto, nyumba nzima ikafuata. Wewe hukumwita hivyo hata mara moja, lakini pia hukunikataza.

Zile Krismasi zako tatu za mwisho, sisi tukiinama kutafuta ua, yeye alisimama pembeni na hotpoti, macho chini.

"Wifi, wewe hutafuti?" mmoja wetu akamuuliza.

"Tafuteni tu nyie."

Nami nikadakia, "Macho yaliyozoea kuchunga ng'ombe yataonaje ua?" Wakaangua kicheko. Na wewe ulikuwa umekaa pale pale, ukapapasa ukingo wa meza, ukasema chakula kinapoa.

Ulituacha mwaka jana, Pasaka imekaribia. Krismasi iliyofuata, ya kwanza bila wewe, nilikitandika kitambaa vile vile, bila ua jipya. Watu walipoanza kuinama wakakumbuka kwamba hakuna cha kutafuta, wakainuka. Hapo Kabula akasogea, akasema mbele ya wote kwa ile sauti yake, "Wifi, naomba la mwaka huu nilitie mimi."

Msiba ulikuwa bado mbichi, lakini siwezi kuusingizia msiba. Nilisema kwa kinywa changu mwenyewe: "Wewe? Mashoto? Mama atafufuka aje akuchape!" Wakacheka, mama. Mama mdogo Leonia alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Kabula akaiweka hotpoti chini, akambeba mtoto mgongoni, akatoka. Deus akaacha sahani yake haijaguswa, akamfuata mkewe. Januari wakahamia Mwese kulima, na simu zangu hakuna aliyezipokea.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita nikasema basi, ua la mwaka huu nalitia mimi. Nikakitoa kitambaa kwenye sanduku, nikakibana kwenye fremu jirani na ua lako la mwisho, lile la zambarau. Nikajaribu kulifuatisha, likagoma. Nikafumua, nikaanza upya, likagoma tena. Nikajiambia, ngoja nione mama alianzia wapi. Nikakigeuza.

Mama wee! Nyuma palikuwa safi, hakuna fundo hata moja, vile vile ulivyotufundisha. Ila mishono ilikuwa imelala upande mwingine. Katika maua yako yote ya zamani uzi umelalia huku. Katika yale matatu ya mwisho umelalia kule, mshono kwa mshono, jani kwa jani, mpaka kwenye vikonyo. Hilo halitokei kwa bahati mbaya. Anayeshona kwa mkono wa kulia uzi wake unalala hivi, wa kushoto unalala vile, na hakuna anayebadili mkono uzeeni. Katika nyumba hii wa kushoto alikuwa mmoja tu.

Nilikaa chini sakafuni. Sindano ilinichoma pajani, nikaja kuona damu baadaye. Nikainuka, nikaenda kwenye kabati, nikatoa yale mashuka mawili niliyokataa kumuuzia mtu yeyote kwa sababu ni ukumbusho wako. Nikayapindua. Kushoto. La pili, kushoto. Hee! Nilicheka peke yangu kama kichaa, halafu nikalia, halafu nikakasirika, na bado sijui ni lipi kati ya hayo lililokwisha.

Wateja walikuwa wamelalamika mwaka mzima. Mtu anashika shuka la harusi, anaguna, "Mbona maua yenu siku hizi yamepooza?" Nikawajibu kwa kiburi kwamba mkono wa mama umekwenda kaburini, wanataka nifanyeje. Kumbe mkono wenyewe ulikuwa jikoni kwangu unamenya viazi, na nilipoutukana ukaenda zake Mwese kushika jembe.

Na mambo yote yakanirudia kichwani. Vile ulivyokuwa unaniuliza, "Yustina, uzi huu ni wa kijani au wa bluu?" nami nadhani unanitania. Vile Kabula alivyokuwa anaingia chumbani kwako kila mchana baada ya kuosha vyombo, mlango unafungwa, eti anakukanda miguu. Nilikuwa nasema anajipendekeza. Nilimwambia hata Deus kwamba mkewe anakuroga. Mimi fundi, mimi ninayegeuza kazi za mabinti na kuwatoa kasoro, nilikaa miaka mitatu nazisifia kazi zile kwa wateja bila kuzipindua, kwa sababu ni za mama. Kugeuza kazi ya mama niliona ni kumkosea adabu.

Nikachukua bodaboda kwenda Mwese. Na mvua hii ya Desemba! Tulianguka mara mbili, nikafika nina tope mpaka kwenye nyusi. Kabula alikuwa amekaa barazani anachambua mbegu za maharage kwenye ungo. Akanyanyuka, akaniletea maji ya kunawa kabla hajaniuliza neno. Mimi hata salamu sikutoa. Nilimtandikia kitambaa magotini, nyuma juu, nikaweka kidole kwenye ua la zambarau.

"Ni wewe?"

Akapitisha kidole juu ya uzi. "Mama alisema nisiseme."

"Alikuwa haoni?"

"Jicho moja lilikuwa limeshakwenda nilipoolewa. La pili likafuata polepole."

Akanieleza kidogo kidogo, na kila neno lilikuwa linanipiga upya. Kwamba mlango ukishafungwa wewe ulishika fremu na yeye akashika sindano. Kwamba ulikuwa unapitisha kidole juu ya ua na kusema, "Hapa umeruka, fumua." Ua la kwanza ulimfumulisha mara tisa mpaka akalia, ukamwambia alie lakini asilowanishe kitambaa. Nilicheka niliposikia hilo, mama, maana na mimi uliniambia hivyo hivyo. Ulimfundisha kweli kweli. Ulimpa yote uliyonipa mimi, na zaidi, kwa sababu yeye aliyapokea kwa kidole chako.

"Lakini kwa nini asiniambie mimi?" nikamuuliza. "Mimi mwanawe!"

Akarudi kuchambua mbegu. Nikamshikilia. Mwishowe akasema huku anatazama ungo wake, "Alisema ukijua haoni utamkalisha kwenye kiti kama mgonjwa. Na ukijua kazi ni ya kwangu, hutaiuza."

Hilo la kwanza ningebisha. La pili nitabisha kwa mdomo upi?

Ila na wewe nina kesi nawe, mama, na nitaisema, maana ukali wangu niliurithi kwako. Mficha maradhi kifo humuumbua, ulikuwa unatuambia tukificha homa. Wewe umeumbuliwa na kitambaa. Ulikaa pale mezani Krismasi tatu, ukanisikia namcheka binti wa watu mbele ya kazi ya mikono yake, ukasema chakula kinapoa. Chakula! Ungesema neno moja tu. Ulijua mtoto wako ana mdomo, ukauacha uendelee kukata. Nimekulilia mwaka mzima kama mtakatifu, na sasa nakukasirikia kama mtu aliye hai aliyekaa chumba cha pili, na nashangaa kwamba hasira yenyewe imenifanya nikukumbuke vizuri zaidi, hata ile harufu ya mafuta uliyopaka miguuni.

Nilipiga magoti pale barazani, nikamwomba Kabula msamaha. Nilidhani atalia, tukumbatiane, yaishe. Wapi!

"Inuka wifi, watoto wanaangalia," akasema. Nilipoinuka akaongeza, bila kupandisha sauti, "Ulinitukana mbele ya watu. Msamaha usiniombe kwa kificho."

"Unataka nifanye nini?"

"Wale wale waliocheka. Wawepo wote, na mimi niwepo. Useme maua yale ni ya nani. Ukishindwa, sahani yangu usiipakue, tutarudi zetu." Akakunja kitambaa. "Hiki kiache hapa."

Nikakiacha. Deus alitoka shambani nikiwa napanda pikipiki. Hakunikumbatia, lakini alinifuta tope usoni kwa shati lake, nikasema asante kama mgeni.

Leo ni mkesha wa Noeli, mchana, mvua imekatika kidogo. Nakuandikia nimekaa kwenye meza ya kazi, mlango uko wazi, sebuleni wameshajaa; nimewaita wote waliocheka. Asubuhi nilimweleza Mama mdogo Leonia kila kitu, ili asije akaanguka mezani. Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Makubwa haya!" Kisha akageuka mkali. "Marehemu hasemwi, Yustina. Mji mzima unamjua dada yangu kwa mkono wake. Utamvua nguo siku ya kuzaliwa kwa Bwana? Mwombe Kabula msamaha chumbani, mpe doti ya kitenge, yaishe."

Nusu yangu inasema kama yeye. Nakuogopa mpaka leo. Ikitajwa kwamba ulikuwa huoni, kwamba mashuka yale yaliyotandikwa kwenye vitanda vya maharusi wa Mpanda hayakuwa yako, nitawaangaliaje wateja? Watasema tuliwadanganya, na watakuwa wamesema kweli. Nimejaribu tangu asubuhi kutafuta maneno ambayo yatampa Kabula haki yake na wewe yakuache na jina lako lote. Nimeyakosa. Kila ninapokulinda wewe, yeye anabaki nje.

Basi sikulindi, mama. Nitasema ulikuwa mgonjwa ukaficha. Nitasema kidole kilikuwa chako na mkono ulikuwa wake. Nitasema na ya kwangu pia, yote, na Mama mdogo akitaka kuondoka na mchele wake aondoke.

Pikipiki imesimama nje. Deus ameingia peke yake, amelowa, amesalimia watu. Nimemuuliza, "Mkeo yuko wapi?" Amenionyesha kwa kidevu. Kabula amesimama barabarani, mtoto mgongoni, kitambaa kimekunjwa kwenye mfuko kifuani, na hasogei. Sebuleni wote wananitazama mimi.

Pumzika, mama. Natoka. Nitayasema hapo hapo mlangoni, kabla hajavua viatu, nisije nikapoa. Na wewe nitakuja kukuomba radhi siku nyingine. Leo naanza na yeye.

Ni mimi,
binti yako mkubwa.