Kurasa Mbili Zilizobaki

Dada Tumpe,

Naandika nikiwa mezani kwako, humu masijala. Nimekaa upande wa mlango. Najua utanicheka.

Ni miezi minne tangu uanguke Jumapili ile ukitoka kanisani Masukulu. Migomba tuliyoikata ili jeneza lipite imeshachipua.

Unakumbuka ubishi wetu? Uliponunua kile kifaa cha kusomea vitabu nilikwambia hakitamaliza masika moja ya Tukuyu, mahali ambapo hata kiberiti hakiwaki. Ukasema, "Lusajo, mdogo wangu, wewe hata ukiwa na mwavuli unaogopa mvua." Ukakidondosha sakafuni makusudi, ofisi nzima ikitazama, ukakiokota na kukiamkia kama ulivyotuamkia sisi kila asubuhi: "Ugonile!" Kikawaka.

Mimi nilikuwa na riwaya ileile ya karatasi, ya maktaba ya parokia. Tukakubaliana tuisome pamoja, sura moja kila siku ya kazi, tuone kipi kitachoka kwanza. Sharti likawa moja: hakuna kumtangulia mwenzako.

Ijumaa yako ya mwisho tulimaliza sura ya tisa. Nilikuona ukikifungia kwenye droo. Jumatano baada ya mazishi, kaka yako Ipyana aliniletea ufunguo nitoe mafaili. Kifaa kilikuwa mwisho wa sura ya kumi na mbili. Nikahesabu kwa vidole: Jumatatu, Jumanne, Jumatano.

Nilijiambia mafaili yamebonyeza kitufe. Nikafunga droo, ufunguo nikautia mfukoni mwangu. Jumatano iliyofuata, sura ya kumi na saba.

Dada, hukunisubiri.

Nilikufuata mbio kwenye karatasi hadi sura ya kumi na nane. Kuanzia hapo unyevu umezigandisha kurasa zote kwa kuvu; nilipozitenganisha kwa kisu, maneno yalichanika. Basi umeshinda. Cha karatasi ndicho kilichokufa kwanza.

Chako kiliishiwa chaji wiki moja baadaye, lakini kioo hakikufutika. Maandishi yapo palepale mpaka leo, ukurasa wa pili kutoka mwisho wa kitabu. Fundi simu wa sokoni anasema vioo vya aina hii hushika maandishi bila umeme. Namwamini. Lakini Mama Asajile anayetufagilia ofisi amegoma kupitisha kitambaa juu ya meza hii. "Karani, mwambie mwenye meza amalize kwanza."

Kesho Ipyana anakuja kukichukua. Kitafutwa chote, kiwekwe vitabu vya shule vya wanawe. Nikikichaji, huenda ukurasa wako ukapotea. Nisipokichaji, hutamaliza. Wiki nzima nimetembea na waya mfukoni, natoka nao, narudi nao, kama mjinga.

Leo nimeuchomeka. Ni saa nne asubuhi na ukungu umebana dirishani hadi nimewasha taa. Kataa kadogo pembeni ya kifaa kamewaka njano. Ukurasa haujapotea. Nimekitazama hadi macho yakauma, na haujapotea.

Nimesogeza kiti chako karibu na changu. Ulivyokuwa ukipenda nikusomee kwa sauti wakati wa chai, huku ukinisahihisha mkazo, ndivyo nitakavyosoma. Sura nilizozikosa katikati sizitaki tena. Nataka tu tumalize wote wawili.

Nakuahidi kitu kimoja. Nikiufikia mwisho wa ukurasa huu nitaweka mikono yangu magotini na kusubiri, sitakutangulia. Ukurasa usipogeuka, nitajua umelala, nitaugeuza mwenyewe, nitausoma wa mwisho na kukuaga vizuri, na kesho kifaa chako kitaenda kwa watoto.

Ukigeuka wenyewe, sitakimbia. Nimekaa upande wa mlango, dada, lakini sitakimbia.

Ndaga, asante kwa yote.

Mdogo wako,
Lusajo