Mawe ya Mzee Eliamani

Same,
Jumatano, baada ya kazi

Mke wangu mpenzi, Mama Editha,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye vumbi na upepo. Hujambo wewe? Editha na mdogo wake wanaendeleaje? Na mama, ule mguu wake vipi, bado anaufunga majani au amekubali kwenda zahanati? Mwambie mimi ndiye niliyesema aende, akasirike na mimi. Mwili wangu ni mzima. Nakula, nafanya kazi, homa sina. Ila kutulia ndiko kumenishinda. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara zote nimeinuka kwenda kuangalia kitu ambacho hakikuhitaji kuangaliwa.

Barua yako imefika. Nilipoona mwandiko si wa Mwalimu nikadhani imepotea njia. Kumbe ni wewe! Mistari inapanda juu kama inakwenda mlimani, lakini hakuna neno lililonipita. Hongera sana, mke wangu. Zamani nilikuwa naandika nikijua Mwalimu atakusomea mbele ya mama na majirani, basi nami najisifu tu. Sasa unasoma mwenyewe, kwa hiyo leo nakuandikia jambo ambalo kwa Mwalimu nisingelipeleka.

Unaniuliza uanze lini kufunga mizigo. Hilo ndilo linalonitoa jasho. Soma polepole, usikimbilie chini.

Kuna lori la kijiji kimoja cha ujamaa huko juu Mamba. Ni gari kuukuu, limeshabeba mkonge miaka na miaka kabla ya kufika kwao. Linashuka na tangawizi, kahawa na ndizi mpaka hapa Same, likirudi linarudi na chumvi, sabuni na mafuta ya taa, yaani karibu tupu. Dereva wake ni Mzee Eliamani, Mpare wa kijiji hicho hicho, mzee wa kanisa, ameshika usukani tangu enzi za mkoloni. Maneno yake ni machache. Hata honi hapigi mpaka iwe lazima.

Lori hilo lilianza kutetemeka baada ya mavuno. Mlimani halina neno, maana kule linatambaa tu. Lakini likifika tambarare, kwenye barabara ya Kisiwani, likishika maili thelathini na tano, loo! Inaanza sakafu, inakuja siti, kioo cha pembeni kinacheza ngoma, mpaka meno yako mwenyewe yanagongana. Likaletwa gerejini kwetu, nikapewa mimi.

Nililihangaikia miezi, Mama Editha. Kwanza nikakwangua tope jekundu lililogandia ndani ya rimu, maana tope la mlimani likikauka upande mmoja gurudumu linayumba. Likatetemeka. Nikahamisha tairi za mbele nyuma, za nyuma mbele. Likatetemeka. Nikabadilisha beringi, nikachonga bushi mpya, nikafunga shokapu nyingine. Likatetemeka vile vile, kama linanicheka. Mwisho nikasema tatizo ni propela, ule mhimili mrefu wa chini unaopeleka nguvu kutoka kwenye gia mpaka magurudumu ya nyuma. Viungo vyake, tunaviita krosi, tukaviagiza Dar es Salaam, tukavingoja wiki saba. Nikavifunga kwa mikono yangu, nikapaka grisi, nikatoka nalo kwa mbwembwe. Maili thelathini na tano, yale yale! Siku hiyo nilirusha spana, ikaenda kuangukia kwenye ndoo ya mama ntilie. Nikaenda kuomba radhi.

Sasa sikiliza. Mwezi wa tatu Mzee Eliamani alinifuata, akaniambia, "Mwanangu, likiwa na mzigo halitetemeki. Mimi nikirudi tupu natia mawe nyuma, linatulia."

Nikacheka. Nikamjibu mbele ya mafundi wote, "Mzee, kila kitu kikishiba kinatulia. Hata wewe ukila ugali unatulia." Wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alivaa kofia yake akaondoka.

Mawe yenyewe alikuwa anayapakia nje kidogo ya Same. Akifika pale mlima unapoanza anayashusha, maana nani atapanda mlima na mawe? Na mahali penye nafasi ya kusimamisha lori ni kwenye kiwanja cha shemeji yake. Basi mawe yakawa yanarundikana pale, safari kwa safari, mpaka rundo likawa refu kuliko mtu. Watu wana macho. Wakaanza kusema Eliamani anajenga duka, mawe anasombea kwa lori la kijiji. Na siku hizi ukishasemwa umechezea mali ya kijiji, huna pa kuficha uso.

Halmashauri ya kijiji ikaomba gereji iandike ripoti: gari linaharibiwa na nini? Msimamizi wetu, Bwana Lazaro, akaniletea mimi karatasi. Nilikuwa nimeshabadilisha kila kitu, sina jibu, naona aibu. Nikaandika kwamba gari linaharibiwa na uendeshaji mbaya na kubebeshwa mawe. Nikaweka sahihi. Bwana Lazaro alifurahi kweli. Akasema sasa gereji imekuwa safi, na kwamba cheo cha fundi mkuu ni changu, pamoja na ile nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji. Ndiyo nyumba niliyokuandikia, mke wangu. Ndiyo niliyokuambia uje tuishi. Njia iliyotupatia ni hiyo.

Mkutano ni Jumamosi hii. Mzee Eliamani atanyang'anywa usukani, na atatajwa mbele ya kijiji kizima kwamba ni mwizi. Ushahidi ni rundo la mawe na karatasi yangu.

Juzi Jumatatu Bwana Lazaro akanituma nilipeleke lori Kisiwani na kurudi, nikalijaribu kabla ya mkutano. Nikatoka nalo tupu. Lilinitetemesha mpaka hasira zikanipanda. Nikasimama kando ya barabara, nikashuka, nikaanza kutupa mawe nyuma, makubwa kama maboga, arobaini hivi. Nilikuwa nataka kuonyesha kwamba yule mzee ni mjinga. Nikaondoka. Thelathini na tano, kimya. Arobaini, kimya. Arobaini na tano, nasikia upepo tu.

Nikasimama tena. Nikajiuliza, mawe yako nyuma kabisa, hayagusi injini, hayagusi gia, yanabadilisha kitu gani? Yanakandamiza springi tu. Nikachukua chupa yangu ya maji ya kunywa, imebaki nusu, nikaingia uvunguni, nikailaza juu ya propela kuangalia maji yanainama vipi. Yakainama kidogo tu. Nikatoka, nikashusha mawe yote, nikaingia tena. Maji yote yakakimbilia upande mmoja. Mmasai mmoja alikuwa anapita na ng'ombe wake, akasimama akaniuliza, "Wewe, unapakia ama unapakua?"

Springi zile nilizigusa mimi. Mwaka jana wazee wa kijiji walikuja wakalalamika kwamba lori likijaa magunia linakaa chini kabisa. Nikajifanya bingwa. Nikatoa pleti za chuma za springi kwenye gari bovu, nikaongeza tatu kila upande. Lori likainuka nyuma kama jogoo. Wakanishukuru, wakaniletea kikapu cha tangawizi, nami nikakuandikia kujisifu, utakumbuka. Kumbe kwa kuinua mkia ule niliiacha propela imeinama vibaya, krosi zinazunguka zimekunjamana. Likijaa mzigo linashuka, propela inanyooka, linatulia. Kipindi cha mavuno hatukuona kitu, maana lilikuwa linashuka na magunia na kupanda na saruji ya shule. Lilipoanza kurudi tupu ndipo likaanza kutetemeka.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Tunaojua ni mimi na wewe. Naweza kuzitoa zile pleti kimya kimya wiki ijayo, gari likapona, nikapongezwa, nikapata nyumba, wewe na watoto mkaja. Mzee mwenyewe ameshazeeka, usukani angeuacha tu mwaka huu au ujao. Unaona ninavyowaza? Tangu Jumatatu nawaza hivyo, na nikishawaza najichukia. Bwana Lazaro anapita hapa dirishani anapiga mluzi. Naiacha barua hapa.

Jumanne

Mama Editha, naendelea.

Jumamosi nilipanda kijijini na Bwana Lazaro. Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yako kifuani. Mwenyekiti alisoma ripoti yangu kwa sauti. Pale pa "uendeshaji mbaya" alisoma mara mbili. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha Mzee Eliamani akaambiwa ajitetee. Alisimama, kofia mkononi, akasema, "Fundi yuko hapa. Nilimweleza. Mwulizeni yeye." Akakaa. Hakunitukana, hakunitazama. Kama angenitukana, nadhani ningenyamaza.

Nikasimama. Nilianza vibaya, nikaingia kwenye propela na krosi, mpaka Mwenyekiti akanikata, "Fundi, sema Kiswahili." Watu wakacheka. Ndipo nikasema: "Kosa ni langu. Gari linatetemeshwa na springi nilizoongeza mimi. Mzee aliniambia mwezi wa tatu nikamcheka. Mawe aliyatia ili gari lenu lisivunjike. Hilo duka halipo. Na hiyo karatasi niliandika kuficha aibu yangu."

Halafu mama mmoja nyuma akasema, "Sasa tukupe nini, kikapu kingine cha tangawizi?" Jamani, maneno ya yule mama bado yananiwasha. Wengine wakanigeukia: ukizitoa hizo pleti, magunia yetu yatabebwa na nini? Nikawaambia wapunguze mzigo, waongeze safari. Wakanung'unika sana. Lakini usukani Mzee Eliamani amebaki nao, na rundo la mawe wameamua liende kwenye msaragambo wa barabara, siku kijiji kizima kitakapotoka kuziba makorongo.

Tulirudi na Bwana Lazaro mpaka Kisiwani. Hapo akasema, "Umejimaliza." Jana ameniita ofisini. Fundi mkuu atakuwa mwingine, na nyumba ni yake huyo. Mimi nabaki na spana zangu na chumba changu kimoja ninachochangia na mwenzangu, na hata hicho sijui ni mpaka lini.

Kwa hiyo usifunge mizigo, mke wangu. Najua umeshawaaga watu. Najua shamba la mtoni umeshampa shemeji yako alilime. Naumia, na sina la kukufariji nalo. Ila nakuomba kitu kimoja: wakikuuliza kwa nini husafiri, usinifunikie. Usiseme serikali imechelewesha. Sema mume wangu alikosea kazi, akamsingizia mtu mzima, ndiyo maana nyumba imetupita. Ukikasirika, kasirika, haki yako. Ukimaliza kukasirika niandikie.

Nisalimie mama, mwambie asinung'unike sana juu yangu. Kaka yangu mkubwa Filipo mpe salamu, mwambie majembe aliyoniagiza nayatafuta. Shangazi Velonika, mlezi wangu, mwambie namkumbuka. Mwalimu naye msalimie, mweleze nimemshukuru kwa kazi aliyoifanya. Watoto wabusu kwa ajili yangu. Editha asiambiwe kwanza habari za kutokuja, mpaka utafute neno zuri.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo sijakuambia. Jana nilizitoa zile pleti, na leo asubuhi tumelijaribu lori likiwa tupu, Mzee Eliamani ameshika usukani, mimi pembeni. Maili hamsini, limetulia kabisa. Tulikwenda mpaka Kisiwani na kurudi hajanena neno. Jana alipolileta nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akanipita akaenda kukaa kivulini. Leo nikamwamkia tena, akanitazama, akapanda garini. Tangu nizaliwe sijawahi kumwamkia mtu mzima akaniacha hivyo. Mafundi wote walikuwa wanaangalia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kesho asubuhi anakuja kupakia chumvi. Nitamwamkia tena.

Ni mimi mumeo,
Bukuru, Baba Editha